Macho ya Fundi Saa na Miwani ya Mama

Dobi alikuwa amechoka. Uchovu wake haukuwa wa siku moja. Mchana alifua mashuka ya nyumba ya wageni. Jioni alirudi nyumbani kumwosha baba yake, kumlisha na kumgeuza ubavu. Mikono yake ilinuka sabuni kutwa kucha. Jina lake la kuzaliwa watu walikuwa wamelisahau. Mtaa mzima ulimwita Dobi, naye hakuwa na nguvu za kubishana, akawa anaitika.

Baba yake naye aliitwa Fundi Saa. Kabla moyo haujaanza kumsumbua, alikuwa na kibanda kidogo karibu na duka la dawa. Humo alikaa na lenzi yake jichoni, akitengeneza saa ambazo mafundi wengine walishindwa nazo. Alijivunia macho yake kupita kiasi. Mzee yule, mvi kichwa kizima, lakini alitia uzi kwenye sindano bila miwani.

Mkewe ndiye aliyevaa miwani, tena minene, tangu usichana wake. Kila alipokuja mgeni, Fundi Saa alisema, "Huyu nilimpata kwa sababu haoni vizuri. Angeona vizuri angetimua mbio." Mama alicheka, ingawa utani huo aliusikia tangu siku ya harusi. Dobi alishangaa mama yake anapata wapi kicheko kila mara.

Siku moja Fundi Saa alirudi kutoka kliniki ya moyo akiwa na jambo jipya. Muuguzi mmoja wa benki ya macho alikuwa amezungumza na wagonjwa huko. Kuna watu hawaoni kwa sababu sehemu ya mbele ya jicho imeingia ukungu. Sehemu hiyo inaitwa konea. Mtu akifa, konea zake zinaweza kuwekwa kwenye macho ya watu hao, nao wakaona tena.

"Macho haya yaende kuoza bure?" akasema. "Hapana. Nikifa, wapeni. Nimewaachia nini kingine? Saa mbovu tu."

Mama alikubali. Dobi alikubali. Kaka yake Dobi, dereva wa lori la masafa marefu, alikubali kwa simu. Muuguzi alikuwa amempa mzee namba ya simu, na Mama akaibandika kwenye mlango wa kabati. Muuguzi alikuwa pia amemweleza Fundi Saa mambo ya kufanya mtu anapofariki. Hayo mzee hakuyafikisha nyumbani. Labda aliyaona madogo, labda aliyasahau njiani.

Fundi Saa alifariki alasiri moja ya joto kali. Feni ilikuwa inamvumia usoni, maana siku zile alikuwa anapumua kwa shida na wao waliisogeza karibu na kitanda. Macho yake yalibaki wazi nusu. Jirani aliyekuwapo akanyoosha mkono amfumbe. Mama akaushika mkono ule.

"Muache," akasema. "Mwanawe yuko njiani. Aje ayaone macho ya baba yake mara ya mwisho."

Nani angebishana na mwanamke aliyefiwa na mume dakika ile? Watu waliingia, wakatoka, wakalia. Feni iliendelea kuvuma. Lori la Kaka liliharibika njiani, akachelewa. Alipofika, giza lilikuwa limeshaingia. Akapiga magoti, akamtazama baba yake, kisha akamfumba macho mwenyewe. Ndipo Dobi alipoikumbuka ile namba kwenye kabati.

Watu wa benki ya macho walifika upesi. Waliuliza maradhi ya marehemu, wakachukua damu yake kidogo, wakafanya kazi yao mlango ukiwa umefungwa. Walipotoka, uso wa Fundi Saa ulikuwa vilevile. Ungedhani amelala. Familia ikamzika kesho yake, na katikati ya msiba huo Mama alikuwa na faraja moja tu. Aliisema kwa kila aliyekuja kumpa pole: macho ya mume wake hayakwenda ardhini.

Siku chache baadaye simu ya Dobi ililia akiwa kazini, mikono imejaa povu. Alikuwa yule muuguzi. Alitoa pole, akashukuru, kisha akasema taratibu kwamba konea za Fundi Saa zimekaguliwa na hazikufaa kupandikizwa. Aliuliza kama familia itaridhia zitumike kuwafundishia madaktari. Dobi akasema ndiyo, akaiweka simu mfukoni, akaendelea kukamua mashuka. Hakulia. Hata kulia kunataka nguvu.

Nyumbani aliwaambia. Kaka aliruka kwenye kiti kana kwamba kimeshika moto.

"Hayakufaa? Macho yale? Hao wameyauza, Dada. Wanatuona wajinga."

Mama alivua miwani, akaishika mapajani. Usiku huo hakula, na kesho yake hakula. Wosia wa mume wake ulikuwa mmoja tu, nao umekwenda na maji. Dobi alimsihi anywe hata uji. Mama akageukia ukutani. Hapo Dobi akaona yatamshinda. Amemzika baba, sasa na mama anamponyoka mikononi. Akampigia muuguzi, akamwomba aje nyumbani awaeleze, kwa sababu yeye hakuwa na maneno.

Muuguzi alikuja jioni baada ya kazi, viatu vimejaa vumbi. Naye alionekana mtu anayehitaji kulala. Walimkaribisha chumbani alikolala Mama, na Kaka hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Sista, sema ukweli. Mmeyauza?"

Muuguzi hakukasirika. Swali hilo alikuwa ameulizwa na wengi. Akajibu kwamba konea haiuzwi wala hainunuliwi, inatolewa bure na inakwenda kwa mgonjwa anayeingoja. Kisha akaomba aonyeshwe saa yoyote ya marehemu. Dobi akamletea moja kutoka kwenye kabati.

"Tazameni," akasema. "Hiki kioo cha mbele ndiyo konea. Mishale na vyuma vya ndani hatupandikizi. Tunapandikiza kioo tu. Na kabla ya kumpa mtu, lazima tukikague."

Akawaeleza pole pole, na kila Kaka alipouliza, alirudia. Kwanza wanauliza mtu alikuwa anaumwa nini, na wanapima damu, ili anayepewa konea asipewe na ugonjwa. Kisha wanaimulika konea kwa taa maalumu. Wanatazama kama ina kovu, kama imekauka, kama imevimba. Mwisho wanaiweka chini ya hadubini, mashine ya kukuza vitu vidogo. Upande wa ndani wa konea una chembe hai ndogo sana. Hizo wanazihesabu.

"Za nini hizo?" Kaka akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ndizo zinazotoa maji kwenye konea ili ibaki angavu. Zikifa, hazioti nyingine. Nikimpa mgonjwa konea yenye chembe chache, itajaa ukungu. Atakuwa amepasuliwa, ameumia, ametumaini, halafu anarudi gizani. Bora nimwambie aendelee kungoja."

"Na za baba?" akauliza Dobi.

"Damu yake ilikuwa salama. Lakini konea zilikuwa zimekauka vibaya mbele, na chembe nyingi za ndani zilikuwa zimekufa. Nilitaka kuwauliza. Alilazwa vipi kabla hatujafika?"

Aliyejibu ni Mama, akiwa bado ameutazama ukuta.

"Ni mimi. Nilikataza wasimfumbe. Na feni ilikuwa inampiga usoni mpaka mwanangu alipofika. Nilitaka aagane na yale macho."

Muuguzi alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda. Angeweza kudanganya ili ampe Mama usingizi wa usiku mmoja. Hakudanganya.

"Ndiyo, mama. Joto, feni na ule muda mrefu ndivyo vilivyoziharibu. Lakini hukuambiwa. Sisi tulimweleza mgonjwa peke yake, tukawasahau nyinyi mnaobaki. Kosa hilo ni letu, na nimekuja kulirekebisha."

Akawaeleza linalotakiwa. Mtu akifariki, mfumbe macho mapema. Weka pamba safi yenye maji juu ya macho yaliyofumbwa. Inua kichwa chake kwa mto. Zima feni. Kisha piga simu saa hiyohiyo, usingoje ndugu wala jamaa, kwa sababu joto halingoji. Akasema pia kwamba konea za Fundi Saa hazikutupwa. Madaktari vijana watazitumia kujifunza kushona, kabla hawajagusa jicho la mtu aliye hai.

Mama akageuka polepole. "Wanashona kwa uzi?"

"Uzi mwembamba kuliko unywele, mama."

"Basi hiyo ni kazi yake kabisa," Mama akasema, na machozi yakamtoka. Alipoyafuta, aliinyanyua miwani yake na kuitazama. "Na macho yangu haya? Haya ni takataka, au siyo?"

"Nani kasema? Miwani haituzuii. Macho yako yanaona kwa shida, lakini kioo chake kinaweza kuwa kizima. Siwezi kukuahidi. Tutajua tukikagua."

Kaka akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Mama, baba angekusikia hapa angefufuka abishe."

Usiku huo Mama alikula. Dobi alimtazama anavyomeza tonge baada ya tonge, akahisi mabega yake yanashuka.

Kuanzia hapo Mama hakumpa mtu nafasi ya kusahau. Alimfundisha jirani. Alimfundisha muuza maziwa, ambaye alikuja kudai chupa zake tu. Dobi ndiye aliyeipata zaidi. Anaingia ndani hoi, hata viatu hajavua, anasikia sauti kutoka chumbani, "Feni?"

"Nazima, Mama."

"Mto?"

"Naweka, Mama. Lakini wewe bado uko hai, niache kwanza nikalale."

Baada ya msimu mwingine wa joto Mama naye aliugua, na ule mzigo ukarudi palepale mabegani mwa Dobi: mashuka mchana, mgonjwa jioni. Safari hii hapakuwa na baba wa kuleta utani. Kulikuwa na nyakati alitamani yaishe, kisha akajichukia kwa kutamani hivyo.

Yakaisha asubuhi moja, Mama akiwa ameshikwa mkono na Dobi. Dobi aliulaza mkono ule kifuani pa Mama, akasimama. Alimfumba macho. Akaweka pamba yenye maji. Akainua kichwa kwa mto. Feni ilikuwa inavuma, akaizima. Kisha akampigia Kaka, na alipomwambia tu, aliogopa kusikia jibu. Kaka alikuwa mbali sana, mbali kuliko mara ile.

"Usinisubiri, Dada," akasema Kaka juu ya ngurumo ya injini. "Wapigie sasa hivi."

"Hutamwona macho yake."

"Najua. Wapigie."

Dobi akapiga. Watu walianza kujaa chumbani na joto likapanda. Shangazi mmoja akauliza kwa nini feni imezimwa, akanyoosha mkono aiwashe. Dobi akamzuia, kama Mama alivyowahi kumzuia jirani. Akamwambia anayeona joto akae nje kwenye kivuli. Shangazi alikunja uso, akatoka akinung'unika kuhusu watoto wa siku hizi. Jirani, yule aliyefundishwa, akabaki mlangoni akilinda asiingie mwingine. Jasho lilimtiririka Dobi mgongoni, lakini hakuondoka pale mpaka muuguzi alipoingia na mkoba wake.

Wakamzika Mama. Dobi akarudi kazini. Kila simu ilipolia aliikimbilia, na kila mara ilikuwa mtu mwingine. Aliogopa kusikia tena yale maneno. Aliona kama yakija mara ya pili, hataweza kuyabeba.

Siku muuguzi alipopiga, Dobi alikuwa ameshika shuka lililolowa.

"Zote mbili zimefaa," muuguzi akasema. "Ni safi, na chembe zake ni nyingi. Wagonjwa wawili wameshafanyiwa upasuaji, na bandeji zimefunguliwa. Majina yao siruhusiwi kukuambia. Ila wanaona, Dobi. Mmoja ameomba apewe kioo ajitazame."

Dobi alimpigia Kaka, akamweleza. Kaka akasema, "Baba atakasirika. Alivyojisifu vile, kumbe wa miwani ndiye aliyefaulu."

Dobi akaanza kucheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akauficha uso wake ndani ya lile shuka. Alilia kwa ajili ya baba, kwa ajili ya mama na kwa ajili yake mwenyewe. Wenzake wa kufulia walimwacha, wakamalizia sehemu yake ya kazi.

Jioni alifika nyumbani. Miwani ya Mama ilikuwa kwenye kabati, kando ya lenzi ya Fundi Saa. Aliifuta vumbi, akairudisha mahali pake. Chumba kilikuwa na joto, na hapakuwa na mtu wa kumwosha wala wa kumgeuza. Hapakuwa na wa kumuuliza juu ya feni pia. Dobi akaiwasha, akaielekeza usoni kwake, akalala.