Moto Wako

Siku ya tatu baada ya sherehe ya kuwaenzi wafanyakazi wa magarimoshi ya mvuke, jikoni kwa Masizi kulinuka makaa ya mawe, na nyumba hiyo hupikia gesi.

Masizi alitia makaa tanurini miaka thelathini na moja, mpaka mgongo ukapinda na masizi yakawa jina lake. Kwenye sherehe walimrudishia beleshi lake la zamani, limesuguliwa likang'aa. Alilia, tusidanganyane, hakuna aliyewahi kumshukuru. Mkewe akalitundika jikoni kwa fahari.

Adhuhuri hiyo mkewe yuko sokoni, sauti ya mtia makaa mwenzake wa zamani, aliyekufa kwa kuunguzwa na mvuke, ikasema nyuma ya Masizi kwa uchovu, "Moto wako."

Ndivyo watia makaa walivyokabidhiana zamu. Anayetoka husema hivyo, anayeingia hushika beleshi na kuitikia. Ila kwanza umtazame usoni, maana tanuri lisilozimwa miaka nenda rudi huwa na jini lake, nalo huiga sauti za watu. Masizi aliyajua hayo, lakini mazoea yakamponza.

"Moto wangu," akajibu, ndipo akageuka. Hapakuwa na mtu. Beleshi lilikuwa mkononi mwake, na katikati ya sakafu moto ulikuwa unawaka.

Mganga aliyeitwa aliishia mlangoni.

"Uliitikia?" akanong'ona.

"Niliitikia."

"Basi sina dawa. Zamu hii haiondolewi, inakabidhiwa tu." Akaondoka viatu mkononi.

Masizi akaapa hatamkabidhi mtu. Akamsihi mkewe, "Ukisikia naita, usiitikie."

"Nimesikia, baba watoto."

Akaulisha moto viti, akaulisha kabati, akaulisha milango, kwa sababu kila alipopumzika ulitambaa kuelekea kitanda cha mkewe, na siku ya tisa, jua la saa sita likiwa juu ya paa, akaanguka pale pale kwa uchovu.

Alipozinduka mikono yake ilikuwa mitupu. Beleshi lilikuwa linakwaruza sakafu. Mkewe alikuwa amempa mgongo.

"Si uliniita wewe, nikaitikia?" akauliza polepole. "Sauti ilikuwa yako. Hata uchovu ulikuwa wako."

Masizi akanyoosha mikono. "Sema 'moto wako', mke wangu. Nirudishie."

Mkewe akatikisa kichwa, akavuta mguu wa kiti wa mwisho.

"Lala," akasema. "Umeshafanya kazi ya kutosha."