Vioo Ishirini vya Parklands

Odero alikuwa ameshafika nusu ya ngazi akishuka, sanduku la vifaa begani, alipokutana na Milcah akipandisha birika la chai. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini, Alhamisi, Septemba 2006, Parklands.

"Unaenda wapi na chai hujakunywa?"

"Nimefutwa, Mama. Wanasema nimeharibu laptop makusudi, polisi wanaitwa."

Milcah alikuwa karani wa polisi miaka kumi na tisa kabla ya kuuza chai. Akamshika mkono. "Rudi juu. Ukiondoka sasa watasema umetoroka."

Karakanani, laptop ishirini za shule moja ya Kinoo zilikuwa mezani, picha kwenye vioo vyote zimekatika mistari-mistari. Gurleen, mwenye karakana, alikuwa amefura kwa hasira.

"Shule inazichukua mchana huu! Nitawaambia nini?"

Odero ndiye aliyekiandikia kiini cha Linux, programu ya ndani inayoendesha mashine, maelezo ya vioo hivyo. Kiini hakioni kioo. Huambiwa kina mistari mingapi na kisubiri kiasi gani kati ya mstari na mstari. Kikiambiwa uongo, hutuma picha mbovu.

"Jumanne zilikuwa sawa," Odero alisema. "Madam, uliziona mwenyewe."

"Nyamaza!" Huyo alikuwa Clifford, fundi mkuu. "Vioo vina mistari mia sita, wewe umeandika mia saba sitini na nane. Hiyo shule yako ya jioni ilikufundisha nini?"

Milcah akatua birika. "Clifford, hiyo mia sita umeisoma wapi?"

"Kwa lebo."

"Na lebo iko wapi?"

"Nyuma ya kioo, ndani," Gurleen akajibu. "Lazima utoe skrubu."

"Nani ametoa skrubu?"

"Hakuna," Clifford akasema upesi. "Odero alifunga Jumanne. Hakuna mtu ameshika."

Milcah akageuza laptop moja. Mafundi wa hapo, wakishafunga mashine, hupaka skrubu rangi ya kucha, mkono wa mwingine ukipita ujulikane.

"Odero hupaka zambarau. Chupa ni yangu, hajanirudishia mpaka leo. Hii ni nyekundu."

Gurleen akakagua zote ishirini. Nyekundu. Akafungua moja mwenyewe: lebo ilisema mia sita. Maelezo ya Odero yalikuwa sahihi, kwa vioo ambavyo havikuwepo tena.

"Clifford, wewe ndiye uliyesoma lebo. Vioo vyangu viko wapi?"

"Niliviuza mjini, nikaweka vya bei rahisi." Clifford hakuinua macho. "Miaka minane niko hapa, halafu kazi ya kiini inapewa mtu wa masomo ya jioni?"

"Kwa hivyo afungwe yeye?" Milcah alifoka. "Umemtazama akibeba sanduku, ukanyamaza! Na wewe, Gurleen, umemfuta mtu bila kufungua hata skrubu moja!"

Polisi walipofika, Gurleen aliwaonyesha Clifford.

Clifford alifungwa miezi minane. Vioo kumi na vinne vilipatikana; sita vilinunuliwa upya. Shule ilipata laptop zake Oktoba. Gurleen aliomba msamaha, akampa Odero meza ya Clifford. Odero aliikalia hadi Desemba, kisha akaenda kufungua duka lake Kinoo. Milcah bado anauza chai kwenye ngazi zile zile. Chupa ya rangi hajarudishiwa.