Alf Arudisha Liki Zake Mezani

Jumamosi, tarehe 15 Septemba 1979. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, na baridi iliingia hadi jikoni. Mume wangu Alf alikuwa anaosha liki zake, mboga ndefu za jamii ya kitunguu, kwa maziwa ili zing'ae, kama tufanyavyo hapa Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, siku ya mashindano ya liki.

"Utaenda kweli?" nilimwuliza.

"Nimezilea mwaka mzima, Edna. Niziweke kwenye supu?"

Mwaka jana, usiku wa kuamkia mashindano, mtu alizikatakata liki za Cuthbert Ridley, katibu wa klabu yetu ya wakuza liki. Cuthbert alimtaja Alf kwa polisi. Mahakama ilimwachia, lakini klabuni hakuna aliyekaa naye tena. Nilimwomba Mungu atufungulie njia. Kisha nikamwomba jirani yetu Olive, aliyekuwa hakimu, atusindikize.

Cuthbert alitukuta mlangoni mwa klabu. "Malaika wetu kaja," alisema. Watu wakacheka.

"Mahakama iliniachia, Cuthbert," Alf alisema.

"Ilisema kosa halikuthibitika. Haikusema wewe ni msafi."

"Mahakama zetu hazimwambii hivyo mtu yeyote," Olive alisema. "Kwa sheria, mtu anaingia kizimbani akiwa hana hatia. Anayemshtaki ndiye wa kuthibitisha. Akishindwa, mtu anatoka kama alivyoingia."

"Kwa hiyo Alf hajui ubaya, kama mtoto mchanga?"

"Huo ni usafi mwingine, wa watoto. Alf ana mdomo mchafu, sote tumemsikia. Hapa tunazungumzia liki zako tu. Ulimwona akizikata?"

"Niliona alama za buti."

"Buti gani?"

"Za mgodini."

Olive aliwatazama wanaume waliosimama pale, wote wafanyakazi wa mgodi. Kila mmoja alikuwa na buti kama hizo nyumbani, hata Cuthbert. Kicheko kilikwisha.

"Nilitaka awepo mtu wa kumlaumu," Cuthbert alisema polepole. "Zilikuwa liki nzuri, Alf."

"Zilikuwa nzuri kuliko zangu," Alf alisema. "Nilitaka zinishinde mezani, mbele ya waamuzi."

Cuthbert alizipokea liki za Alf kwa mikono miwili, akazilaza kwenye meza ya mashindano, karibu na zake. Kisha akawageukia wanachama.

"Sikilizeni. Sijui nani alizikata liki zangu. Naahidi mbele yenu: sitamwita Alf Hedley mkata liki tena, wala sitanyamaza mtu mwingine akimwita hivyo."