Gurudumu Lenye Uzi wa Manjano

Kila asubuhi nyumba yao iliamshwa na sauti mbili: mnyororo wa baiskeli ukizungushwa mlangoni, na mdomo wa Redio. Mnyororo ulikuwa wa dada yake, aliyeusugua kwa mswaki mkuukuu na kuutia mafuta tone kwa tone kabla ya kwenda mazoezini. Mdomo ulikuwa wa Redio mwenyewe, msichana wa darasa la sita, aliyepewa jina hilo na mama yake kwa sababu ukishamwasha, kitufe cha kumzimia hukioni.

"Dada, leo mnapanda ule mlima? Dada, ni kweli masikio yanaziba mkifika juu? Dada, Jumamosi utashinda, siyo?"

"Fagia, Redio. Mdomo haufagii."

Redio alicheka, akafagia. Alimpenda dada yake kupita kiasi. Juzi tu alikuwa amemfungia uzi wa sufu wa manjano kwenye spoku moja ya gurudumu la mbele, ili amtambue hata akiwa mbali. Wenzake dada kwenye timu ya baiskeli walimtania kwa uzi ule, lakini hakuutoa.

Siku hiyo shuleni, mwalimu wa Kiswahili aliingia darasani akiwa na kazi mpya.

"Kila mmoja wenu achague mtu anayemvutia hata akatamani kumwiga," alisema. "Awe mtu halisi, mnayemwona kwa macho yenu. Na msiniambie tu ni nani, niambieni ni kwa nini. Mtasimama hapa mbele Jumatatu."

Mikono ikapaa juu. Mmoja alimtaja muuguzi aliyempokea mdogo wake duniani. Mwingine alimtaja babu yake, aliyeacha sigara baada ya kuvuta maisha yake yote. Daktari, mvulana aliyekaa dawati moja na Redio na aliyeitwa hivyo kwa ajili ya miwani yake mikubwa, alimtaja mjomba wake fundi viatu, ambaye hushona mpira wa watoto wa mtaa kila unapopasuka. Redio akaona wenzake wanasikilizwa, naye ulimi ukamwasha.

"Mimi ni dada yangu!" alisema huku akiruka kutoka kwenye dawati. "Ndiye nahodha wa timu ya baiskeli! Kila mbio anashinda yeye. Na Jumamosi atashinda tena, mtaona. Nitawaletea kombe lenyewe hapa mlishike!"

Kwamba dada yake alikuwa kwenye timu, hilo lilikuwa kweli. Mengine yote yalikuwa chumvi tupu. Nahodha alikuwa msichana mwingine waliyemwita Mshale, na dada yake hakuwahi kushinda hata mbio za kuzunguka mtaa. Redio alipomuuliza sababu, dada alimjibu tu, "Kazi yangu si hiyo." Redio aliliona jibu hilo kuwa la mtu anayeona haya, na hakuliuliza tena.

Daktari alisukuma miwani yake juu ya pua. "Mbona kwenye magazeti wanamtaja Mshale peke yake?"

"Mshale? Mshale anabebwa na dada yangu!"

Darasa likalipuka kwa vicheko na makofi. Mwalimu naye akatabasamu. "Basi vizuri. Mbio zinapita hapa hapa kwenye lango la shule, na hapa ndipo zinapomalizikia. Jumamosi tuje wote tumshangilie dada yako."

Redio aliketi polepole. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameyavulia mbele ya darasa zima.

Jumamosi ilipofika, alitoka uani akaikuta baiskeli imeegemezwa ukutani, imeng'aa, imejaa mizigo. Palikuwa na chupa mbili za maji kwenye fremu, na chupa nyingine tatu zimepangwa chini, zikingoja kutiwa kwenye mifuko ya mgongoni ya fulana ya dada. Chini ya kiti kulining'inia kifuko cheusi. Redio alikifungua. Mlikuwa na tyubu mpya, ule mpira wa ndani wa gurudumu, pamoja na viraka, vyuma vya kung'olea tairi na pampu ndogo.

"Nani anakwenda kushindana amebeba karakana?" alijiuliza. Sasa akadhani ameelewa kwa nini dada yake hashindi. Mizigo! Chupa asingeweza kuzigusa, dada angeona mara moja. Lakini kifuko kiko nyuma, chini ya kiti, nani atakitazama? Alikifungua mikanda, akakizika ndani ya tenga la nguo chafu.

Nje filimbi za wenzake dada wa timu zikalia. Dada alitoka mbio, huku akifunga kofia yake ngumu kidevuni, akajaza chupa mgongoni, akarukia baiskeli.

"Leo utakuwa mwepesi kama unyoya!" Redio alimpigia kelele.

Dada alicheka bila kuelewa, akapunga mkono, akaondoka.

Langoni pa shule palikuwa pamefurika watu. Redio alipanda juu ya ukuta mfupi akaanza kutangaza, na darasa zima likakusanyika chini yake.

"Wanakuja! Wanakuja! Naona kofia nyekundu, naona kofia ya buluu... uzi wa manjano! Dada yangu yuko mbele, Mshale yuko nyuma yake!"

Vuuu! Waendesha baiskeli walipita kwa kasi hata upepo wao ukapeperusha karatasi barabarani. Watoto walipiga mayowe mpaka sauti zikakauka. Wapandaji walitakiwa kuuzunguka mji na kurudi tena na tena, na kila waliporudi, dada alikuwa mbele kabisa, kainama, anapambana na upepo, na Mshale kamfuata karibu sana. Mara moja walimwona dada akichomoa chupa mgongoni na kumpa Mshale.

"Mbona anagawa maji yake?" aliuliza Daktari.

"Ukarimu tu," alijibu Redio, ingawa hata yeye hakuelewa.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ililia. Watu wakashikana mabega, wakachungulia. Kwa mbali wakatokea wawili, wametangulia wengine wote, bega kwa bega.

"Uzi wa manjano!" Redio alipiga kelele hata akakaribia kuanguka ukutani. "Nauona uzi! Dada! Kanyaga, Dada! Kanyaga!"

Gurudumu lenye uzi wa manjano lilikuwa la kwanza kukata mstari, likimtangulia mpinzani kwa upana wa kiganja. Watu walirusha kofia juu. Watoto walimvuta Redio chini, wakambeba, wakamrusha. Akiwa bado hewani ndipo alipoiona sura ya mshindi. Alikuwa Mshale.

Gurudumu lilikuwa la dada. Mpandaji hakuwa yeye.

Wengine wakaanza kuingia, wawiliwawili, watatuwatatu. Dada hakuwamo. Redio alinyamaza kimya, na wote waliomjua walitambua kwamba jambo hilo si la kawaida. Mwisho barabara ikabaki tupu, na watu wakaanza kuikunja kamba iliyowazuia watazamaji.

"Ngojeni!" alisema mwalimu. "Kuna mmoja bado."

Dada alikuwa anakuja kwa miguu. Alikuwa peku, viatu amevining'iniza shingoni, baiskeli iko begani, na gurudumu lake la mbele limelala bapa kama chapati. Alikuwa anakimbia. Wachache walicheka mwanzoni, kisha mtu mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata, na alipovuka mstari makofi yalikuwa makubwa kama yale ya mshindi.

Mshale alimrukia shingoni. "Jamani, mwoneni huyu!" aliwaambia watu. "Gurudumu langu limepasuka kule darajani. Kabla sijashuka vizuri, keshachomoa la kwake, kanifungia, kanisukuma niende! Na tangu asubuhi ananitangulia kunikatia upepo nisichoke, na kunibebea maji. Mimi nimeshinda kwa miguu yake!"

Redio alihisi masikio yakimwaka. Kumbe "kazi yangu si hiyo" ilikuwa na maana yake. Chupa zile hazikuwa mzigo wa mtu asiyejua kushindana. Zilikuwa kazi yenyewe.

Lakini kocha wa timu, mzee mfupi mwenye filimbi shingoni, hakuwa akicheka.

"Kutoa gurudumu ndiyo kazi yako, na umeifanya vizuri," alimwambia dada. "Ila ulitakiwa uzibe pancha, kisha upande baiskeli uje. Kwa nini umekuja kwa miguu? Kifuko chako kiko wapi?"

Dada aligeuza baiskeli, akatazama chini ya kiti. Palikuwa patupu. "Nilikifunga jana, kocha. Leo asubuhi sikukagua. Kosa ni langu."

"Sheria yangu unaijua. Anayeingia barabarani bila kifuko, mbio kubwa za mwezi ujao hapandi. Inaniuma, lakini sheria ni sheria."

Dada hakubisha. Aliinamisha kichwa tu. Redio alijua uzito wa maneno yale kuliko mtu yeyote pale, maana ndiye aliyeusikia mnyororo ule ukizungushwa kila asubuhi mwaka mzima kwa ajili ya mbio hizo.

"Lakini Redio," Daktari alinong'ona, "si ulisema nahodha ni yeye?"

Wenzake wote wakamgeukia. Ulimi huponza kichwa, wazee walisema, na safari hii ulikuwa umeponza kichwa cha mtu mwingine. Angeweza kunyamaza. Kifuko angekitoa tengani kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Alimtazama dada yake, miguu imejaa vumbi, bega limechubuka, bado hajamlaumu mtu.

"Kocha!" sauti ilimtoka hata yeye ikamshtua. "Ni mimi! Nimekitoa mimi!"

Kocha akamgeukia.

"Nilidhani kinamfanya awe mzito. Niliwadanganya darasani kwamba dada ndiye nahodha na kwamba anashinda kila mara, nikataka iwe kweli. Kifuko kiko nyumbani kwenye nguo chafu. Dada hana kosa, shikamoo, nisamehe!"

Kwa hofu alikuwa ameiweka shikamoo mwishoni. Kocha alikohoa kuficha kicheko.

"Marahaba. Kwa hiyo mwenye kosa ni wewe."

"Hapana, kocha," dada aliingilia. "Anayepaswa kukagua baiskeli asubuhi ni mpandaji. Bado ni mimi."

"Ni mimi!" alisema Redio.

"Nyumba gani hii, watu wanagombania kosa!" kocha alisema, na watu wakaangua kicheko. Kisha akawa mzito tena. "Sheria yangu ni ya wazembe. Huyu hakuzembea, alichukuliwa kifuko chake. Mwezi ujao atapanda, na asubuhi atakagua baiskeli yake mara mbili mbele yangu. Na wewe, binti, kila Jumamosi mpaka siku hiyo utaosha baiskeli za timu nzima na kufunga vifuko vyote kwa mikono yako."

"Nikiosha naruhusiwa kuongea?"

"Kidogo."

Njiani kurudi nyumbani, dada alimpa Redio viatu abebe. "Usidhani sijakasirika," alisema. "Bega linawaka moto. Ungeniuliza tu kile kifuko ni cha nini, ningekueleza." Walitembea kidogo. "Lakini umesema ukweli mbele ya darasa lako lote. Mimi nisingeweza nikiwa na umri wako." Redio alilia na kucheka kwa pamoja, na viatu vikamwanguka mara mbili kabla hawajafika.

Jumatatu, zamu yake ilipofika, Redio alisimama mbele ya darasa ameshika tyubu nyeusi iliyopasuka.

"Mtu ninayetamani kumwiga," alianza, "alifika wa mwisho."

Akawaeleza yote: upepo, maji, daraja, gurudumu, na jinsi dada alivyosema "kosa ni langu" wakati angeweza kumsingizia yeyote. Hakuongeza hata punje ya chumvi. Darasa lilisikiliza kwa utulivu ambao hata kengele ya mapumziko haikuuvunja.

Daktari aliinua mkono. "Kumbe uliposema Mshale anabebwa na dada yako..."

"Hilo peke yake lilikuwa kweli, na mimi mwenyewe sikujua!"

Walicheka mpaka madawati yakatikisika. Mwalimu alingoja watulie.

"Redio alipompamba dada yake kwa uongo," alisema, "alimvisha sifa za kuazima, akamvua zile za kwake ambazo ni bora zaidi. Mtu tunayempenda hahitaji tumwongezee kitu, wanangu. Tumtazame vizuri tu, tuseme tulichokiona. Na tukikosea, tukiri mapema, kabla kosa letu halijabebwa begani na mwingine." Kisha akamgeukia Redio na kutabasamu. "Ila ulituahidi kombe tulishike."

"Sina kombe, mwalimu. Nina hii."

Mwalimu alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Tyubu iliyopasuka ikapita dawati hadi dawati, na kila mtoto aliishika kwa mikono miwili.