Mjane Aliyepigiwa Simu na Mumewe

Sinema haikuwa imefika hata nusu Imaculata aliposimama, akachukua koti lake na kutoka nje ya ukumbi wa chuo. Kassian alimkimbilia hadi kwenye gari. Theluji ilikuwa ikianguka Minneapolis nzima.

"Ima, nimekukosea nini? Ni sinema ya zamani tu ya Wajerumani."

"Ni nzuri, Kassian. Yule mama vita imemnyang'anya bwana, na bado anasimama, anajijengea maisha. Ninamheshimu sana. Lakini siwezi kumwangalia."

Kassian, Mtanzania aliyekuwa akisomea uhandisi, alikuwa amempenda mwanamke huyu kwa muda mrefu. Alijua kwamba ni mjane wa vita kutoka Uvira, Kongo. Alifika Marekani hajui Kiingereza, na sasa mwaka 1999 alikuwa msimamizi wa zamu katika nyumba ya kutunzia wazee, kitongoji cha Fridley. Kassian alikuwa amemwomba amuoe. Hakuwa amejibiwa.

"Sebastian yuko hai," Imaculata alisema.

"Mumeo?"

"Alinipigia Jumapili kutoka kambi ya wakimbizi, Kigoma. Niliposikia sauti yake nikaangusha simu. Watu walisema wameona maiti yake, Kassian! Nilivaa nyeusi."

"Bado unampenda?"

"Sijui. Wazee walipokea mahari. Kanisani tungeenda Noeli, vita ikatufikia Oktoba ya tisini na sita. Leo mchana anapiga tena. Uje ukae na mimi. Sitaki kukuficha kitu."

Mwanamume mwingine angemshusha mlangoni kwake akaondoka. Kassian aliingia ndani, akakaa.

Simu ikalia. Imaculata akabonyeza spika.

"Imaculata? Ni mimi."

"Mungu asifiwe uko hai, Sebastian. Sema yote."

"Niliambiwa ninyi mliokimbia kwa mtumbwi mlizama wote ziwani; mwezi huu tu ndipo nimesikia uko hai. Niliugua sana, msichana mmoja akaniuguza, nikamuoa. Tuna mtoto mchanga. Mke wangu yuko hapa, analia."

Machozi yalimtiririka Imaculata, lakini sauti haikutetemeka.

"Mpe simu."

"Nani?"

"Mke wako. Mpe."

Sauti ya msichana ikasikika, nyembamba. "Yaya, dada yangu, unisamehe."

"Nikusamehe nini? Alipougua, nani alimlisha? Ni wewe. Mtunze. Wazee nitawaambia mimi mwenyewe kwamba nimemwachilia kwa moyo mweupe. Na usilie hivyo, mtoto atakosa maziwa."

Alikata simu. Alikaa sakafuni akalia kwa sauti. Kassian alikaa sakafuni naye.

"Usinioe kwa huruma," Imaculata alisema baadaye.

"Huruma? Ima, mimi ningetukana mpaka salio la simu liishe! Nakuheshimu, nakuogopa kidogo, na nakupenda. Huruma iko wapi hapo?"

Kicheko kikamtoka katikati ya machozi.

"Bado namlilia yeye. Ukiweza kungoja..."

"Nitangoja."

Akangoja kweli, bila kumkumbusha. Theluji iliyeyuka, miti ikachipua. Jumapili moja ya Mei, wakitoka kanisani, Imaculata alisimama katikati ya maegesho, magari yakimpigia honi.

"Kassian, lile swali lako. Niulize tena."

Akauliza palepale, akiwa na suti ya Jumapili, goti kwenye lami.

Walifunga ndoa Agosti. Padri alipomuuliza Imaculata kama amekuja kwa hiari yake mwenyewe, alijibu "Ndiyo" kwa sauti iliyofika hadi barabarani.