Darasa la Jumamosi Lililoangukia Jumapili

Kila Jumapili asubuhi mji wote wa Nuku'alofa, katika visiwa vya Tonga, hunukia moshi wa matanuri ya ardhini. Fusi, msichana wa miaka kumi na miwili, alimsaidia baba yake kufunga nyama na tui ndani ya majani ya magimbi, kisha wakajifunga kiunoni mikeka ya heshima, kama ilivyo desturi ya huko, tayari kwa kanisa. Jumapili Tonga nzima haifanyi kazi.

Isipokuwa Mama. Yeye, meneja mkuu wa kampuni ya meli, alikaa mbele ya kompyuta akiwa amevaa koti lake la ofisini. Alikuwa ameanza kusoma kwa mtandao shahada ya uzamili ya biashara katika chuo kimoja cha Hawaii. Alikichagua kwa sababu ya jina lake kubwa. Aliposoma kwamba madarasa ni Jumamosi, alishangilia na kujiandikisha, akasahau kwamba mstari wa tarehe hupita baharini kati yao, na Jumamosi ya Hawaii ni Jumapili ya Tonga. Mtu wa meli, akasahau jambo kama hilo!

"Wakiniulizia kanisani, sema naumwa," alimwambia Fusi.

"Tena? Si nilisema hivyo wiki iliyopita?"

"Fanya unavyoambiwa!"

Fusi akatoka amefura. Kanisani walimuulizia Mama, Fusi akasema anaumwa, na mchungaji akawaomba waumini wamwombee Mama apone. Watu wote wakainamisha vichwa, na bibi mmoja akalia. Fusi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ibada ilipokwisha, alimfuata Shangazi Meliame, dada yake Baba. Katika ukoo wao, shangazi akisema, hata Baba hunyamaza.

"Shangazi, Mama haumwi. Anasoma."

Shangazi alikwenda moja kwa moja hadi nyumbani, Baba na Fusi wakimfuata, akasukuma mlango. Mama akaifunga kompyuta kwa kishindo.

"Fusi! Umeniaibisha!"

"Wewe ndiye umenifanya mwongo!" Fusi alifoka huku analia. "Watu wamekuombea!"

"Unadhani napenda?" Mama naye akawaka. "Nisipokuwa na shahada, wakurugenzi watampa mtu mwingine kiti changu! Wameshaniambia!"

"Basi soma, wifi, nani kakukataza?" alisema Shangazi. "Lakini hebu nijibu. Ukinunulia kampuni meli, unaangalia rangi?"

"Hapana. Naangalia kama itaingia bandarini kwetu."

"Na chuo je? Uliangalia?"

"Niliangalia jina tu," Mama alikiri. Baba akasema kwa uchungu, "Hata mimi hukuniuliza kabla ya kujiandikisha."

Wiki hiyo Mama alijitoa katika chuo kile. Safari hii aliuliza kwanza: masomo ni siku gani, yatamsaidia nini kazini, na nani atapika akiwa darasani. Akapata chuo cha mji wa Suva, katika visiwa jirani, chenye madarasa ya jioni, katikati ya wiki. Jina lake halikuwa kubwa, lakini Baba alikubali kupika.

Jumapili iliyofuata Mama alisimama mbele ya waumini. "Sikuwa mgonjwa," alisema. "Nilimtuma mtoto wangu adanganye. Nisameheni. Na wewe, Fusi, nisamehe."

Fusi alikuwa bado amekasirika, lakini alimpisha mama yake aketi karibu naye.

Shangazi akamwinamia Fusi. "Elimu ni nzuri, mwanangu. Lakini mkubwa akikutuma useme uongo, hata akiwa mama yako, kataa. Ulichelewa kidogo, ila ulikataa."

Mama alisikia kila neno. Akaitikia kwa kichwa.