Tela la Wapuliza Salfa

Simu iliingia saa kumi na moja jioni, nikiwa nafunga kibanda changu pale Masasi mjini. Namba siijui. Sauti ya mwanamume, imekauka, kama ya mtu aliyeshinda na vumbi kooni.

"Fundi Erasto? Tuna tela la kulala. Tunataka sola ya kuhama nayo. Paneli tunayo, betri tunayo. Njoo utufungie tu."

"Mko wapi?"

"Chiwata. Mikorosho ya bondeni, ukishapita kisima. Njoo leo. Kesho tunahama."

Kazi ya kawaida hiyo. Msimu wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho, wapulizaji huhama shamba kwa shamba na mashine zao mgongoni, na siku hizi wengine wana tela dogo la bati linalovutwa na pawatila, kile kitrekta cha mkono: vitanda viwili, jiko, na mahali pa kuchajia simu. Mchana paneli inaegeshwa juani, jioni inaingizwa ndani. Nilitaka kukataa. Lakini fundi sola anayekataa kazi ya tela ataulizwa kwa nini, na swali hilo ndilo ninalolikimbia tangu mwaka jana.

Niseme sasa hivi, nisije nikajificha katikati ya maneno. Mwaka jana nilimfungia sola kwenye tela lake Silvano, mpulizaji wa Mnyambe. Fyuzi ilinidondoka majanini, nikaitafuta nikaikosa. Duka lilikuwa mbali, na mimi nilikuwa nawahi kutazama mpira kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya video. Nikachukua karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikaisokota, nikaipachika mahali pa fyuzi, ingawa karatasi haikati umeme waya ukizidiwa. Taa zikawaka. "Kesho kutwa narudi nakuwekea ya kweli," nilimwambia. Sikurudi.

Siku ya nne tela liliungua, na Silvano ndani.

Jioni ya kabla ya moto, shangazi yake, Bibi Dominika, alipita pale akamwambia, "Humo ndani kunanuka kuungua, mwanangu. Usilale humo." Waya ulikuwa unachemka, bibi wa watu akaunusa. Basi. Lakini baada ya mazishi watu wakaanza kuulizana: alijuaje? Wakasema kilichozikwa ni mgomba, Silvano mwenyewe kafanywa ndondocha, mfu wa kutumikishwa kichawi, analimishwa shamba la shangazi yake gizani. Wakambomolea bibi nyumba. Sasa anaishi Lukuledi, kwenye chumba cha kusitiriwa, peke yake.

Siku ile ya kubomoa nilikuwepo. Nilishika mti mmoja wa paa, nikasaidia kuung'oa. Mdomo ninao, sikuufungua.

Chiwata nilifika jua limeshazama. Nikapita kisima. Harufu ya salfa ikanipokea, ile ya kukaba koo. Tela lilikuwa chini ya mkorosho, mabati yake mapya kabisa. Pembeni alisimama mtu mmoja, kitambaa kimemfunika uso hadi chini ya macho kama wapulizaji wanavyojifunga. Mwili mzima ulikuwa na unga wa njano.

"Habari za jioni, kaka. Wenzako wako wapi?"

"Wamelala."

"Saa hizi?"

Akanionyesha betri kwa kidole.

Nikawasha tochi ya simu, nikaanza kazi. Waya nyingi zilikuwa zimeshaunganishwa, na kwa kweli zilikuwa zimeunganishwa vizuri, vilevile ninavyofanya mimi. Palibaki waya wa paneli tu. Nikauchomeka. Taa ndogo ya kijani, ile inayoonyesha paneli inaingiza umeme, ikawaka.

Nikageuka kuitazama paneli.

Ilikuwa imelala kifudifudi kwenye majani... uso chini... na giza limeshaingia.

Taa ikaendelea kuwaka.

Hapo ndipo nikanusa harufu nyingine chini ya salfa. Plastiki. Waya unaochemka. Nikamwelekezea yule mtu mwanga. Bega moja juu, jingine chini, kwa sababu ya miaka mingi ya kubeba mashine upande mmoja. Nililijua bega lile.

"Silvano?"

Hakuukwepa mwanga.

Mungu anisamehe. Kitu cha kwanza kilichoingia moyoni mwangu hakikuwa woga. Kilikuwa furaha. Kama Silvano ni ndondocha, basi watu walisema kweli. Bibi alimchukua. Mimi sikuua mtu!

"Ni shangazi yako?" nilinong'ona. "Ndiye aliyekuchukua? Itikia kwa kichwa tu."

Alinitazama. Macho yalikuwa yake. Yalikuwa yamechoka, hayakuwa na hasira.

"Fyuzi umeweka, fundi?"

Tangu mwaka jana natembea na fyuzi sita mfukoni. Nikafungua kile kidude cha kushikia fyuzi ili niweke moja.

Ndani kulikuwa na karatasi ya fedha. Imesokotwa kama ninavyosokota mimi, ncha zimekunjwa mara mbili.

Nilikimbia. Vifaa vyangu vipo huko hadi leo. Nilipofika nyumbani na kufumbua kiganja, karatasi ilikuwa humo.

Asubuhi nikapanda pikipiki yangu hadi Mnyambe kwa Mama Wema, mjane wa Silvano. Nilimkuta na shemeji yake, Nikolao. Nikapiga magoti uani, nikasema yote: fyuzi iliyopotea, sigara, mpira, mti wa paa. Nikaweka karatasi mbele yao.

Mama Wema aliitazama bila kuigusa. "Tela si liliungua lote? Hii umeipata wapi?"

Ningenyamaza hapo. Miaka yote najua kunyamaza, siku hiyo nikashindwa.

"Chiwata, jana. Alikuwa nayo Silvano."

"Umemwona?" Akainuka. "Umemwona mume wangu?"

"Nimemwona, lakini..."

"Nilisema!" Nikolao akapiga ukuta kwa kiganja. "Nilisema tulizika mgomba!"

"Hapana, kaka, sikiliza. Ni mimi. Ni fyuzi. Bibi hana kosa."

Mama Wema akanishika bega kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniumiza kuliko kofi. "Pole, fundi. Bibi amekuchezea na wewe. Yuko mbali huko Lukuledi, na bado anakusemesha anavyotaka."

Nikolao alikuwa ameshatoka. Nilimsikia nje akiuliza nani ana pikipiki yenye mafuta ya kufika Lukuledi.

Nikawasha yangu. Sijawahi kuendesha vile. Niliteremka kutoka uwanda wa juu, nikapita Masasi bila kusimama, hadi Lukuledi. Bibi Dominika alikuwa kizingitini, anachambua mbaazi kwenye ungo. Amekonda. Nadhani hakuna aliyekuwa amemtembelea kwa siku nyingi, maana alitabasamu aliponiona, mimi niliyemng'olea paa.

"Shikamoo, bibi. Inuka, tuondoke. Sasa hivi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kuna nini?"

Nyuma yangu zikasikika pikipiki. Tatu... labda nne... zikaingia uani.

Bibi akaweka ungo chini. Akanusa hewa, uso ukamkunjamana, akanishika mkono kwa wasiwasi. Na kwa sauti ambayo kila aliyekuwa uani aliisikia, akasema:

"Mwanangu, mbona unanuka kuungua?"